Mnyama mgonjwa asifichwe



Ndugu zetu Waislamu, kila inapokaribia Idd el-Adh-ha nyumba zetu huwa na harakati. Mzee wa nyumba hutafuta mbuzi au kondoo, na wenye uwezo huchangiana ng'ombe watu saba. Tunamkagua mnyama umri wake, macho yake na miguu yake, kwa sababu tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba chongo, kilema, aliyekonda kupita kiasi na mgonjwa ambaye ugonjwa wake uko wazi hawafai kwa udhhiya. Chongo na kilema tunawaona. Huyo wa nne, mgonjwa, ndiye tunayempitia haraka, na ndiye tunayetaka kumzungumzia leo.

Turudi katika miezi ya mwisho ya mwaka 2006. Mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha kaskazini mashariki mwa Kenya, maji yakatuama kwenye mabonde na mbu wakazagaa. Wafugaji wa Kisomali wa huko waliona kondoo na mbuzi wakitupa mimba kwa wingi, na wengine wakitokwa damu puani. Wao wanao ugonjwa huo katika lugha yao, wanauita sandik. Wataalamu wanauita Homa ya Bonde la Ufa, nao waliutambua kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kwa kondoo wa karibu na Naivasha.

Mwishoni mwa Novemba binadamu wakaanza kuugua. Desemba maabara ikathibitisha, na Idd ikawakuta ndugu zetu wa Garissa wakiwa katika msiba. Kuchinja kulipigwa marufuku katika maeneo yaliyoathirika na masoko ya mifugo yakafungwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, WHO, hadi katikati ya Machi 2007 Kenya ilikuwa na wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Somalia walikuwa wagonjwa 114 na waliofariki 51. Januari 2007 ugonjwa uliingia Tanzania, na hadi mwanzoni mwa Mei walihesabiwa wagonjwa 264 na vifo 109, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jambo linalotusikitisha ni kwamba dalili zilikuwepo. Wataalamu wa Shirika la Anga la Marekani, NASA, waliokuwa wakitazama mvua na majani kwa setilaiti, walitoa tahadhari majuma kadhaa kabla ya binadamu wa kwanza kuugua. Wafugaji nao, walipohojiwa baadaye na watafiti, ilibainika kuwa walikuwa wameona mbu na mimba zinazotupwa kabla ya wakubwa kutangaza lolote. Pamoja na hayo, chanjo ya mifugo ilianza kutolewa Januari, watu wakiwa wamekwisha kuzikwa. Mchungaji aliyejua hakuwa na wa kumwambia, na ofisi iliyopewa tahadhari ilichelewa kwenda malishoni.

Ni vyema familia zetu zikaelewa namna maradhi haya yanavyokwenda. Mayai ya mbu fulani hukaa katika udongo mkavu kwa miaka, yakiwa yamebeba virusi, yakisubiri mafuriko. Mvua kubwa ikija yanaanguliwa, na mbu huanza na mifugo. Binadamu anaweza kuumwa na mbu huyo, lakini wengi hupata maradhi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa: anayechinja, anayechuna, anayemsaidia mnyama kuzaa, anayeokota mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, na anayekunywa maziwa mabichi. Wengi huugua homa ya kawaida wakapona. Wachache hupata upofu, au maradhi ya ubongo, au kutokwa damu kunakoishia katika mauti. Haijathibitika kwamba mtu humwambukiza mtu mwenziwe. Moto wa jiko huviua virusi hivyo, lakini moto huo haumsaidii aliyeshika kisu, kwa kuwa yeye ameshagusa damu kabla chungu hakijainjikwa.

Kwa maana hiyo, mtu anayemtoa zizini mnyama aliyeanza kuumwa na kumpeleka mnadani haraka "asije akafa bure", anauza mauti kwa bei ya kitoweo. Mtume (S.A.W.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete kwa mwenye ngamia wazima, na hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim. Na alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini imelowa na juu imefunikwa kavu, alimkemea muuzaji na kubainisha kuwa mdanganyifu hayumo katika njia yake. Ikiwa nafaka iliyolowa ni ghushi, tuseme nini juu ya ng'ombe mgonjwa?

Lakini uadilifu hautaki tumlaumu mfugaji peke yake. Mali yote ya mtu huyo inatembea kwa miguu minne. Ada ya shule, dawa ya mzazi na mahari ya kijana vyote vimo katika kundi lake. Akitoa taarifa, hufungiwa soko, na aghlabu hakuna anayemlipa hata senti. Ndipo nafsi humnong'oneza afiche. Hapo tunasema na wenye mamlaka: mkitaka kuambiwa ukweli, msimfilisi anayeusema. Fidia kwa mifugo inayoangamizwa, chakula kwa familia zilizofungiwa soko, na chanjo inayotolewa kabla ya mvua kubwa, hizo ni haki za raia na pia ni njia rahisi ya kuokoa roho. Wataalamu wenyewe wanasema kuchanja wakati maradhi yamekwisha kupamba moto kuna hatari, kwa kuwa sindano ile ile inaweza kuyahamisha kutoka mnyama mmoja hadi mwingine.

Wala mtu asidhani jambo hili ni la porini tu. Septemba mwaka 2000 maradhi haya yalivuka Bahari ya Sham, yakajitokeza Jizan nchini Saudi Arabia na nchini Yemen, ikiwa ni mara ya kwanza kuthibitika nje ya Afrika. Saudi Arabia peke yake walifariki watu 87. Virusi vilipochunguzwa vilikutwa ni jamaa wa karibu wa vile vilivyoenea Afrika Mashariki wakati wa mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Saudi Arabia ikapiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2009. Wafugaji ambao kwa karne nyingi walikuwa wakipeleka kondoo kwa ajili ya mahujaji kupitia bandari kama Berbera, walikosa soko lao kubwa kwa miaka tisa. Maradhi ya zizi moja yaligusa ibada na riziki ya watu wa mabara mawili.

Ndiyo maana kazi ya kufuatilia maradhi wanayoshirikiana wanyama na binadamu imekuwa kazi ya mataifa yote. WHO iliyoko Geneva, Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lililoko Roma, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lililoko Paris yalikubaliana mwaka 2010 kufanya kazi kwa pamoja, na mwaka 2022 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa la Nairobi likajiunga nayo rasmi. Wenyewe wanaiita Afya Moja. Karibu na sisi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kimekuwa kikifundisha na kutafiti katika njia hiyo hiyo. Wanaoifanya kazi hii hutoa damu kwa kondoo wazima kila msimu ili kuona kama virusi vimeingia, husoma picha za mvua, hukaa maabara usiku, na huketi chini ya mti na wazee wa wafugaji kuwasikiliza.

Tunajiuliza: watoto wetu wako wapi katika kazi hii? Kijana akichaguliwa kusomea udaktari wa mifugo, husikika mzazi akisema kwa unyonge, "Amekosa udaktari wa watu, ameambulia wa ng'ombe." Kauli hiyo tunaomba iachwe. Wanachuoni wetu wamefundisha kuwa elimu ambayo jamii haiwezi kukaa salama bila yake ni fardhi kifaya: wakiisimamia wachache wanatosheleza, ikiachwa na wote sote tunapata dhambi. Na Qur'ani Tukufu katika Suratul Maida imetufundisha kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Daktari wa mifugo anayezuia maradhi zizini amewahuisha watu wasiolijua hata jina lake.

Tunaye wa kumtolea mfano. Mwaka 2012 mtaalamu wa virusi kutoka Misri, Dk. Ali Mohamed Zaki, akifanya kazi Jeddah, alikuta kwa mgonjwa mmoja virusi asivyovifahamu. Hakunyamaza. Alishirikiana na maabara ya Rotterdam, na Septemba mwaka huo akaitangazia dunia. Habari hiyo ndiyo iliyowawezesha madaktari wa London kumtambua mgonjwa wao aliyetoka Qatar. Baadaye ikajulikana kuwa virusi hivyo vya MERS hukaa kwa ngamia, na kwamba zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa waliothibitishwa wamefariki. Mahujaji wetu wanaoshauriwa wasiwakaribie ngamia wala wasinywe maziwa yao mabichi, wanafaidika na ukweli wa mtu yule.

Wapo watakaosema kuwa kinga ni udhaifu wa imani. Tunawakumbusha safari ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) kuelekea Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni, na baada ya mashauriano akaamua kurudi. Abu Ubaida (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alimjibu kuwa wanatoka katika qadari Yake kuingia katika qadari Yake, kisha akampa mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye rutuba na bonde kavu: popote atakapolisha, analisha kwa qadari. Ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kutoingia katika nchi yenye tauni wala kuikimbia ukiwa ndani yake.

Basi tunausia haya. Mnunuzi wa udhhiya amuulize muuzaji mnyama ametoka wapi, na anunue penye daktari wa mifugo anayekagua. Mchinjaji afunike mikono yake na majeraha yake, na watoto wasichezee damu. Maziwa yachemshwe. Mimba iliyotupwa isiokotwe kwa mikono mitupu wala isitupiwe mbwa, bali ofisi ya mifugo iarifiwe siku hiyo hiyo. Serikali ikikataza kuchinja mahali fulani, tutii, na tuwaulize masheikh wetu namna ya kuwakilisha udhhiya kwa ndugu walio mahali salama. Maimamu nao walitaje jambo hili katika hotuba kabla ya mwezi wa Dhul-Hijja kuandama, kwa kuwa mwenye ng'ombe, mchinjaji na mlaji wote wanasikiliza mimbari moja.

Ibada ya kuchinja ilianza kwa Nabii Ibrahim (A.S.) na kondoo aliyekuja kuiokoa roho ya mwana. Haitupendezi katika siku hizo hizo mnyama aliyefichwa ugonjwa akawa sababu ya kumtoa mwana wa mtu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika maradhi haya, awalipe kheri wanaokesha kuyazuia, na atujaalie ukweli katika masoko yetu.

Wabillahi Tawfiq.