Mama na Vipimo, sehemu ya 6: CD4 bado ina kazi

Leo naongea na wewe uliyepimwa kliniki ya wajawazito ukakutwa na VVU. Na wewe uliyemfuata mume machimboni Geita au Kahama, dawa zikakatika huko, sasa umerudi Samuye unataka kuanza upya.

Mtaani wanasema CD4 imepitwa na wakati. Wana ukweli kidogo. Zamani ulisubiri CD4 ishuke ndipo upewe dawa: kwanza chini ya 200, baadaye 350, kisha 500. Tangu Oktoba 2016, hapa Tanzania kila mwenye VVU anaanzishiwa dawa bila kungoja ishuke. Safi kabisa. Ila wanaposema basi hakuna haja ya kuipima, hapo mimi nakataa.

CD4 ni protini iliyo juu ya baadhi ya chembe nyeupe za damu, zile zinazoongoza kinga ya mwili. VVU hushika hapohapo ili aingie ndani ya chembe. Maabara nao huzitafuta kwa protini hiyohiyo. Wanachanganya damu yako na kingamwili iliyotengenezwa maabara na kuwekewa rangi inayong'aa ikimulikwa. Kingamwili hiyo inanasa CD4 tu, nyingine inaziacha. Mashine inahesabu chembe zilizong'aa, nawe unaandikiwa namba.

Mtu mzima mwenye afya huwa na kama 500 hadi 1,500. Chini ya 200 ni hatari, hata kama umenawiri na jembe unashika. Hapo ndipo TB na fangasi wa ubongo wanapopata nafasi. Kwa hiyo utapimwa TB, utapimwa fangasi kwenye damu, utapewa septrini. Bila namba tunabaki kukuangalia kwa macho, na macho yanadanganya jamani.

Ikipanda, usiache dawa! Imepanda kwa sababu unameza. Na kama dawa inawabana virusi sawasawa, hilo linaonekana kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Vipimo viwili, kazi mbili.

Mtoto wa chini ya miaka 5 CD4 zake kwa asili ziko juu kuliko zako, usizilinganishe. Akikutwa na VVU, mwili wake mdogo hauna muda wa kusubiri. Aanze dawa mapema.

Ukifika kliniki uliza: "Nesi, CD4 yangu ni ngapi?" Ukiambiwa mashine mbovu au vitendanishi vimeisha, uliza sampuli itapelekwa wapi na majibu yatarudi lini. Lakini dawa anza, zisisubiri majibu. Huo si ubishi, ni haki yako, na nesi anayejua kazi yake hatakasirika.

Mwenye swali aandike hapo chini. Unaona aibu? Njoo inbox, siri yako iko salama.