Katuni za mkono zirudishwe kwenye televisheni

Kwa Mhariri,

Msomaji aandikaye barua hii anasikitishwa na kituo kimoja cha televisheni kilichoacha kurusha katuni za mkono, yaani zile ambazo kila mwendo huundwa kwa michoro mingi inayofuatana, kikabakiza za kompyuta pekee. Kwa mfano, filamu ya The Lion King ya 1994, iliyochorwa kwa mkono ingawa kompyuta ilisaidia sehemu chache kama mbio za nyumbu, ilimpa mhusika mkuu, Simba, uso unaosomeka huzuni na furaha, ilhali ile ya 2019, iliyoundwa kwa kompyuta ili wanyama waonekane halisi, ilimnyima karibu yote hayo. Nyumbani kwa msomaji huyu, watoto walilia Mufasa, baba yake Simba, alipokufa katika ya kwanza. Katika ya pili walisifu manyoya tu. Je, wakuu wa kituo hicho watarudisha katuni za mkono lini, na wasomaji wenzake wanaonaje?

Msomaji, Dar es Salaam