Jiwe Lina Wenyewe

Filamu ya Stargate, iliyoongozwa na Roland Emmerich na kutoka mwaka 1994, imeujenga ulimwengu wake wote juu ya jiwe. Pete ya kuvukia baina ya sayari imefanywa kwa madini yasiyopatikana duniani. Watumwa wa sayari ya Abydos huyachimba madini hayo kwa ajili ya Ra. Na piramidi, ole wake Khufu, si kaburi tena bali ni gati la kuegeshea chombo cha mgeni huyo.

Hadithi ya kubuni ina ruhusa yake, wala hapana atakayemdai mtunzi ushahidi. Lakini uzushi huu una ukoo. Great Zimbabwe nayo ilipokonywa wenyeji ikavishwa Wafoinike, na hata baada ya Gertrude Caton-Thompson kuchimba mwaka 1929 na kuthibitisha kuwa ni kazi ya Waafrika, wabishi hawakukoma. Mbona kanisa kuu la Chartres halitafutiwi fundi angani?

Linalokera zaidi ni hili: katika filamu hiyo Ra amewaharamishia watumwa wake kuandika. Kumbe wajenzi wa kweli waliandika! Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, msafara wa Pierre Tallet ulifukua mafunjo ya Merer, msimamizi wa kundi la mabaharia wa Khufu. Mna humo, siku baada ya siku, kupakia mawe ya chokaa Tura, kulala njiani, kushusha Giza, kisha kurejea na chombo kitupu. Ni daftari la nahodha. Mzee yeyote wa bandarini angelitambua.