Mbeleko Njema na Mahali Pabaya

Mbeleko ni chombo cha kazi. Kauli hii huenda ikamshangaza msomaji aliyezoea kutumia neno hilo kwa jembe, baiskeli au mashine ya kusaga. Hata hivyo, mbeleko ina kila sifa ya chombo: hubeba uzito, huugawa katika mwili wa mbebaji, huacha mikono miwili huru, na huweza kutengenezwa vizuri au vibaya. Mama wa Shinyanga aendaye kupalilia pamba, mama wa Kahama aendaye kwenye majaruba ya mpunga, na mama wa Geita aendaye kuponda mawe ya dhahabu, wote huondoka alfajiri na mtoto mgongoni, na huenda wakarejea jua linapozama. Kwa hiyo mtoto hukaa ndani ya chombo hiki saa nyingi kuliko saa anazokaa kitandani mchana. Chombo cha namna hiyo kinastahili kutazamwa kwa jicho la sayansi.

Makala hii ina hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mbeleko ya nguo, iliyodharauliwa na baadhi yetu kama mabaki ya ushamba, ni chombo chema kwa mwili wa mtoto, na anayekiacha apaswa kujua anaacha nini. Ya pili ni kwamba hakuna mbeleko, iwe ya nguo au ya dukani, iwezayo kumkinga mtoto na hewa mbaya ya mahali alipopelekwa. Hoja hizi mbili hapana budi ziende pamoja, kwani sifa za mbeleko zimetufanya tusahau kuuliza mama anaelekea wapi.

Kazi ya mbeleko

Kumbeba mtoto mikononi ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Marekani waliopima matumizi ya nguvu za mwili kwa wanawake wanaotembea walionyesha mwaka 2007 kwamba kubeba mzigo wa kadiri ya mtoto mikononi hugharimu takriban asilimia 16 zaidi ya kuubeba kwa nguo iliyofungwa mwilini. Mtoto wa mwaka 1 ana uzito wa kilo 9 au 10, na mwendo wa shambani huweza kuwa wa saa mbili. Nguvu inayookolewa na kipande cha kitenge si ndogo.

Huko nyuma, mwaka 1986, wataalamu waliofanya kazi Kenya walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Wanawake wa Kijaluo waliozoea kubeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu waliozoea kubeba kwa ukanda wa kipaji, waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao pasipo ongezeko la kupimika la matumizi ya nguvu. Mwendo uliofunzwa tangu utotoni ni elimu, ijapokuwa haikuandikwa vitabuni.

Mtoto naye hunufaika. Jaribio lililofanywa Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka huo huo wa 1986, lilionyesha kwamba watoto wachanga waliobebwa kwa muda mrefu zaidi walilia kwa asilimia 43 pungufu walipofikia umri wa majuma 6. Kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo, jambo hili ni la uhai na kifo. Njia ya kumlaza mtoto njiti kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 kwa sababu ya uhaba wa vifaa vya kuwatunzia watoto hao. Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha mwaka 2021 kwamba kuianza njia hii mara baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya watoto hao kwa takriban robo.

Wala tusisahau kwamba nchi zilizoendelea kiviwanda zilijifunza jambo hili kutoka Afrika. Muuguzi wa Kimarekani, Ann Moore, aliyefanya kazi Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona jinsi akina mama walivyowafunga watoto mgongoni. Aliporudi kwao alibuni kibebeo kilichopata hataza mwaka 1969, na ambacho ni babu wa vibebeo vingi vya kisasa. Leo vibebeo hivyo vinatufikia madukani kama bidhaa ya kigeni. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao.

Nyonga na tuhuma ya matege

Tuhuma kubwa dhidi ya mbeleko ni kwamba huwapa watoto matege. Tuhuma hii haina msingi. Watoto karibu wote huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo, kwa sababu ya mkao wao tumboni, na miguu hiyo hunyooka yenyewe karibu na umri wa miaka 2. Matege yanayodumu yana visababishi vingine: upungufu wa vitamini D au wa madini ya kalsiamu, na katika sehemu zetu, maji yenye floridi nyingi. Baadhi ya visima vya Shinyanga vina floridi kupita kiasi, nayo hudhuru meno na hata mifupa. Mzazi anayeona matege makali kwa mtoto wake asiilaumu mbeleko. Ampeleke mtoto kwa mganga wa kituo cha afya, na aulize kuhusu maji ya kisima chake.

Ukweli kuhusu mbeleko ni kinyume cha tuhuma. Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe: kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Kwa mtoto mchanga sehemu kubwa ya kikombe hicho bado ni gegedu laini, na umbo lake hukamilika kadiri kichwa cha paja kinavyokaa mahali pake. Mapaja yakiwa yamepanuliwa na magoti yakiinuliwa, kama mtoto akumbatiavyo kiuno cha mama yake, kichwa cha paja hutulia katikati ya kikombe. Miguu ikinyooshwa na kubanwa pamoja, kichwa hicho husukumwa kuelekea nje.

Ushahidi upo. Japani iliendesha kampeni tangu mwaka 1975 ya kuwataka wazazi waache kuifunga miguu ya watoto wachanga ikiwa imenyooshwa, na idadi ya watoto wenye nyonga zilizoteguka ilishuka sana. Katika hospitali ya mifupa ya watoto huko Blantyre, Malawi, nchi ambayo watoto wake hubebwa mgongoni, madaktari walipitia kumbukumbu za miaka kumi za watoto zaidi ya 40,000. Hawakukuta hata mmoja aliyepasuliwa kwa ugonjwa huu.

Namna ya kuchagua

Kutokana na hayo tunaweza kuweka vipimo ambavyo mama yeyote anaweza kuvitumia mbele ya kioo, au mbele ya jirani yake.

Kwanza, upana. Nguo lazima ienee kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili, na magoti yawe juu kidogo ya makalio. Vibebeo vingi vya bei nafuu vina kitambaa chembamba katikati ya mapaja, na mtoto huning'inia miguu ikiwa chini. Kibebeo cha namna hiyo, hata kama kina vifungo vinavyong'aa, ni duni kuliko kanga.

Pili, kitambaa. Kitenge cha pamba kina nguvu kuliko kanga nyepesi, na hupitisha jasho. Blanketi la nyuzi za plastiki, linalopendwa kwa ulaini wake, hufungia joto. Mtoto mchanga hawezi kutoa jasho kama mtu mzima, na joto la mama humwongezea lake. Katika Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua la Shinyanga ni kali. Nguo moja ya pamba yatosha, pamoja na kofia ya kivuli kichwani.

Tatu, pumzi. Kidevu cha mtoto kisigandamane na kifua chake, kwani njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba na hujipinda kwa urahisi. Pua na mdomo visifunikwe. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza, yaani kwa kawaida aliye chini ya miezi 4, ni heri abebwe kifuani, mahali ambapo mama anauona uso wake. Abebwapo mgongoni, mwenzake mama amtazame mara kwa mara.

Nne, mzigo. Fundo lisikate bega moja siku nzima. Nguo ipite juu ya kifua na kiunoni, ili nyonga za mama zichukue sehemu ya uzito.

Tano, muda. Hata mbeleko bora haifai kwa siku nzima bila mapumziko. Kila baada ya saa mbili hivi mtoto ateremshwe, anyonye, ajinyooshe na kutambaa. Aidha, mbeleko si mkanda wa usalama: haimkingi mtoto kwenye pikipiki, wala mbele ya jiko la mama lishe.

Pale mbeleko inaposhindwa

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba hewa ni ile ile kila mahali. Sivyo. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Mbogwe hadi Geita na Nyang'hwale, wanawake wengi hujipatia riziki mialoni. Huko mawe hupondwa na kusagwa kwenye makarasha, unga huoshwa, na mchanga mzito uliobaki huchanganywa na zebaki ndani ya karai. Kisha donge la zebaki na dhahabu huchomwa juu ya mkaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Sentigredi, lakini hutoa mvuke hata katika joto la kawaida la mchana. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Takriban asilimia 80 ya ule unaovutwa huingia katika damu, na kutoka huko huufikia ubongo na figo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na mtoto mchanga mara 30 hadi 60. Kwa hiyo mtoto aliye mgongoni, akivuta hewa ile ile aivutayo mama, hupata sehemu kubwa zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, na ubongo wake ungali unajengwa. Nguo nayo hunasa zebaki: kitenge kilichokuwa mwaloni mchana ndicho kinachomfunika mtoto usiku.

Vumbi ni adui wa pili. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 kutoka migodi midogo ya Tanzania vilionyesha kwamba vumbi la silika lilizidi kikomo kinachopendekezwa zaidi ya mara 300 chini ya ardhi, na takriban mara 4 hata juu ya ardhi, mahali ambapo akina mama huketi wakiponda mawe.

Wala haya si habari mpya. Rwamagasa, wilayani Geita, ilichunguzwa katika mradi wa kimataifa wa zebaki ulioanza mwaka 2002, na maziwa ya akina mama wa maeneo ya dhahabu, ya Tanzania yakiwemo, yalipimwa. Zebaki ilipatikana. Mama asiache kunyonyesha kwa kusikia hayo, kwani maziwa yake bado ndiyo chakula bora cha mtoto. Kinachopaswa kuachwa ni kukaa karibu na moshi.

Nini kifanyike

Wapo watakaosema kwamba mama ajitakie mwenyewe, kwa nini ampeleke mtoto mwaloni? Swali hilo si la haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na muda wa kunyonyesha arudipo kazini. Mponda mawe hana mwajiri wa kumdai likizo. Asipoponda leo, jioni hakuna unga. Mtoto hana pengine pa kukaa ila mgongoni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 iligunduliwa sumu ya zebaki kwa wavuvi na jamaa zao, na ambako akina mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye maradhi. Nchi zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu hutakiwa na mkataba kuondoa uchomaji wa zebaki mahali pa wazi, na kuweka mikakati ya kuwakinga watoto, akina mama wajawazito na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwaka 2021 ilizinduliwa pia programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Maandishi hayakosekani. Kinachokosekana ni banda.

Maoni yangu ni kwamba kila mwalo uliosajiliwa uwe na banda la kulelea watoto, lijengwe mbali na karasha na upande ambao upepo unatokea, na mama mmoja alipwe na mwalo kuwatunza. Mama mwenye kunyonyesha aende hapo kila baada ya saa mbili, akiwa amenawa na kubadili nguo ya juu. Zebaki ichomwe ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kuurudisha mvuke, mahali pamoja palipotengwa, na mtoto asipite hapo. Mbeleko ya mwendo na nguo ya kazi ziwe mbili, zifuliwe mbali mbali. Gharama ya hayo yote ni ndogo mbele ya thamani ya dhahabu ipitayo hapo kwa mwezi mmoja.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mama wa Usukuma amekwisha kuifanya sehemu yake ya kazi hiyo, tena kwa chombo ambacho sayansi imekithibitisha. Sehemu iliyobaki ni ya wenye mialo, serikali za vijiji na sisi tunaopima hewa na kuandika taarifa.