Shamba la Ukoo

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, aliuza kwa shilingi 300,000 shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Kesho yake ndugu wa ukoo alifungua kesi Mahakama ya Mwanzo, akidai kwamba mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli, hivyo ndivyo lilivyosema Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikata shauri kwa Katiba, ambayo tangu mwaka 1984 inatamka kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria. Binti auze kama auzavyo mwanamume. Ndugu akilitaka shamba, alikomboe kwa bei ile ile katika miezi sita. Mila haikuvunjwa hapo, ilinyoshwa tu.

La kusikitisha ni kwamba Tangazo lenyewe halikuguswa. Hata mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ilikuwa ingali ikidai lirekebishwe, kwa sababu ya wajane wawili walionyimwa mirathi ya waume zao. Lakini hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, na mwalimu anayeombwa na wazee wa kijiji awaandikie wosia, hawana udhuru wa kungoja. Hukumu ya Mwanza ipo, waisome.