Regulata ya Diani Haiwezi Baridi ya Finland

Wacha niseme mapema ndio tusigombane baadaye: regulata ghali si lazima iwe regulata ya baridi.

Kuna msee wetu wa hapa Eldoret ambaye sasa yuko Finland. Alijifunza kuzama Diani, na anataka kuzama Ojamo, ule mgodi wa zamani wa chokaa huko Lohja ambao ulijaa maji. Amepata regulata ya mtumba inauzwa Mombasa, na muuzaji anamwambia ati ni ya Ulaya kwa hivyo inafanya kazi popote. (Najua sisi wa Uasin Gishu tukisikia Finland tunakumbuka ile stori ya karo. Leo si hiyo.) Aliniuliza anunue ama aache. Aache.

Diani maji huzunguka digrii 25 hadi 29. Ojamo, ukishuka kina cha kutosha, maji ni digrii chache tu juu ya kuganda, hata Julai jua likiwaka. Watu hufikiri tofauti ya hapo ni nguo: vaa suti nzito, maisha yaendelee. Lakini hata regulata yenyewe inasikia baridi, na inasikia kukuliko wewe.

Enda kwa jamaa wa tairi yeyote hapa mjini umwangalie akitoa upepo kwa tairi ya lori. Shika valvu. Ni baridi, na hapo ni jua la saa saba. Hewa ikitoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo inapoa. Sasa fikiria mtungi wenye bar 200. Ile sehemu ya kwanza ya regulata, inayofungwa kwenye mtungi, inaishusha hadi kama bar 10 juu ya presha ya maji yaliyokuzunguka, kila unapovuta pumzi. Hewa inayopita hapo inakuwa chini ya sifuri kabisa. Diani maji ya moto yanairudishia joto haraka. Ojamo hayawezi, na maji yaliyoingia kwenye springi yanageuka barafu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani ikiganda hewa itakatika. Hapana bana, mara nyingi inamwagika. Valvu inakwama ikiwa wazi, hewa inafurika mdomoni, na kadiri inavyofurika ndivyo inavyozidi kupoa na kuganda. Mtungi wa lita 12 kwa bar 200 ni kama lita 2,400 za hewa. Zinaweza kuisha kwa dakika chache, na wewe uko mita 20 chini, gizani, vidole vimekufa ganzi.

Kwa hivyo ya baridi unaijuaje? Anza na maandishi, si jina la kampuni. Kiwango cha Ulaya kinaitwa EN 250, na kinahesabu maji ya baridi kuwa yale ya chini ya digrii 10. Ukiona imeandikwa ">10°C", hiyo haijapitishwa kwa baridi, mazungumzo yameisha. Zinazopita hujaribiwa kwenye maji yasiyozidi digrii 4. Ikiwa na herufi A, yaani EN 250A, imejaribiwa pia watu wawili wakivuta hewa kutoka regulata moja, na siku ya shida utakuwa hapo hapo.

Halafu uliza kama sehemu ya kwanza imezibwa, yaani maji hayafiki kwenye springi. Apeks wengi wa dayaframu wako hivyo, Scubapro MK17 pia. Zenye pistoni wazi ni tamu sana baharini kwetu, sizikatai, lakini kwa barafu mimi ningechagua iliyozibwa. Ile sehemu ya mdomoni, chuma kinashinda plastiki. Inashangaza lakini ni kweli: maji ya digrii 4 yana joto kuliko hewa inayopita ndani, na chuma kinalipitisha hilo joto.

Hata hiyo nzuri usiipumue juu kwenye hewa ya kuganda kabla hujaingia majini. Usibonyeze kitufe cha kupuliza ovyo. Na regulata moja haitoshi: beba sehemu za kwanza mbili kwenye valvu mbili, na ujue kufunga ile iliyoganda bila kuangalia.

Sasa ninyi mtauliza, na wazamiaji wetu wa kaunti wanunuliwe hizi? Siungi mkono. Mabwawa yetu ya huku ni baridi ukiyaingia asubuhi, lakini si ya kugandisha regulata. Likoni mwaka 2019, gari lililoteleza kutoka MV Harambee lilipatikana mita 58 chini, kwenye maji ya joto. Kwa kina hicho kila pumzi inakula hewa karibu mara saba. Pale ungetaka regulata inayotoa hewa nyingi na iliyofanyiwa sava juzi, si ya barafu. Na hapa Eldoret, karibu mita 2,100 juu ya bahari, pesa ziende kwanza kwa mafunzo ya kuzama nyanda za juu, kwa sababu jedwali za baharini hapa zinakudanganya ukipanda.

Na wewe bro wa Lohja, hiyo ya Mombasa mwachie mtu wa Diani. Tafuta klabu huko, usome kozi ya suti kavu, ukodi yao msimu mmoja kwanza. Ukitaka kununua baadaye, nitumie picha ya maandishi ya ubavuni, si ya bei.