Chama kilichokufa kabla ya kura: CCJ, Kasulu na sisi wa Visiwani



Kila uchaguzi ukikaribia huzuka maneno kwamba kuna kundi ndani ya chama tawala limechoshwa na kiongozi aliyepo, na karibu litatoka kuanzisha chake. Maneno hayo hufika hadi kwenye baraza zetu za Unguja na Pemba, na katika nyumba nyingi huzua mjadala: wakitoka kweli, tuwafuate? Kwa kuwa kadi ya chama kwetu imewahi kutenganisha ndugu wa tumbo moja, si swali la mchezo. Tumeona turudi mwaka 2010, kwenye Chama cha Jamii, CCJ, ambacho wengi wamekwisha kukisahau.

CCJ ilitokana na ugomvi wa Bara. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Tangu hapo CCM ikawa na kambi mbili zinazotazamana kwa jicho la pembeni. Agosti 2009 Halmashauri Kuu ilipokutana Dodoma, Spika Samuel Sitta alibanwa vikali kwa namna alivyoliendesha Bunge, na ikabidi Mzee Ali Hassan Mwinyi apewe kamati ya kusuluhisha. Waliojiita wapiganaji dhidi ya ufisadi walimwona Rais Kikwete hana haraka ya kukisafisha chama. Mapema 2010 CCJ ikapata usajili wa muda, na mwishoni mwa Machi Fred Mpendazoe, mbunge wa Kishapu, akatoka CCM na kujiunga nayo. Kwa Katiba yetu, ibara ya 71, mbunge anayeacha chama chake anaacha na kiti. Alikiacha.

Wengine waliongojewa hawakutokea. Baadaye ilidaiwa hadharani kuwa vigogo kadhaa ndani ya CCM walikuwa nyuma ya mpango ule. Hayo ni madai, na hatutaji majina ya watu kwa madai. Linaloonekana bila kudai lolote ni kwamba mbunge mmoja alivuka mto na wenzake wakabaki ng'ambo wakitazama kina cha maji.

Lakini kilichoiua CCJ ni hesabu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, kama ilivyosimama wakati ule, ilitaka chama chenye usajili wa muda kioneshe, ndani ya siku 180, wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi ya Jamhuri ya Muungano. Kati ya mikoa hiyo, mmoja uwe Unguja na mmoja Pemba. Watu 200 si wengi. Harusi moja ya Wete huwapata. Msajili wa Vyama, John Tendwa, alipofanya uhakiki, CCJ haikufuzu. Agosti ikaja na uteuzi wa wagombea, chama hakina usajili wa kudumu.

Na hapa Visiwani wakati huo tulikuwa tunazungumza nini? Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, na tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 tukakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Baada ya damu ya Januari 2001, hilo ndilo lililokuwa kwenye vifua vya watu. Chama kilichozaliwa kwa hasira za Dodoma kingemwambia nini mvuvi wa Micheweni? Sisi tunaona kingekosa la kumwambia hata kama kingepewa mwaka mzima zaidi.

Tutazame sasa nyanda za juu za Kigoma, uchaguzi uleule. Huko nako hakuna aliyeingojea CCJ. Vijiji vya Kibondo kama Kumsenga, na vya Kasulu, vina mambo yao: mihogo na maharage, barabara za vumbi, kambi za wakimbizi kama Nyarugusu. NCCR-Mageuzi, chama ambacho wengi walidhani kimeishia mwaka 1995 na Augustino Mrema, kilichukua majimbo manne ya mkoa huo: Felix Mkosamali Muhambwe, Moses Machali Kasulu Mjini, Agripina Buyogera Kasulu Vijijini na David Kafulila Kigoma Kusini. Chama kizee, fedha kidogo, lakini wagombea ni watoto wa hapohapo wanaojulikana kwa majina ya baba zao.

Hata hivyo mavuno yale hayakudumu. Mwaka 2011 chama kilimvua Kafulila uanachama, ikabidi akimbilie mahakamani kukinusuru kiti. Machali alihamia ACT, kisha CCM. Uchaguzi wa 2015 majimbo yote manne yalirudi CCM. Mpendazoe, kwa upande wake, aliingia CHADEMA, akagombea Segerea na kushindwa. Kishapu aliyoiacha ilibaki mikononi mwa CCM.

ACT nayo ilitokana na mpasuko, ule wa CHADEMA, ikasajiliwa 2014. Zitto Kabwe, mtoto wa Kigoma, aliingia 2015 na kupata kiti kimoja tu cha ubunge, chake mwenyewe. Ingeweza kuwa CCJ ya pili. Kilichoibadilisha ni Machi 2019, mahakama ilipompa Profesa Lipumba ushindi katika mgogoro wa CUF na Maalim Seif akasema shusha tanga, pandisha tanga. Ofisi zilipakwa zambarau kwa siku chache. Watu walikuwa tayari wamoja kwa miaka mingi. Walibadilisha chombo tu. Lakini wabunge wengi wa CUF wa Pemba hawakuhama siku ile, kwa sababu ya ibara ileile ya 71. Walibaki na kadi za zamani mfukoni, huku waliowapigia kura wameshachukua mpya, hadi Bunge lilipovunjwa 2020.